Damu iliyogandishwa miaka mingi inaweza kueleza kama mwenyewe alikuwa anakunywa?

Mzee mmoja mvuvi wa Igombe, ambaye huniita mwanangu ingawa hatuna udugu, aliniuliza swali ambalo nimekaa nalo wiki kadhaa. Miaka ya nyuma watafiti walifika mwaloni kwao, yaani ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, wakapima watu, wakachukua damu, wakashukuru, wakaondoka. "Ile damu yetu bado ipo?" aliuliza. Nikamwambia huenda ipo, ndani ya friza. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na wakiitoa leo wakaitazama, wataona kwamba siku zile nilikuwa nakunywa? Maana mimi niliwaambia sinywi."

Nimeshika tyubu za damu hapa Mwanza kwa miaka mingi, na sikuweza kumjibu kwa neno moja. Si kwamba jibu ni siri. Jibu linategemea mambo ambayo mtoa damu haambiwi: damu ilihifadhiwa sehemu gani yake, ilikaa kwenye baridi kiasi gani, na ilichukuliwa siku ipi. Kabla ya kuhukumu kinywaji cha mtu kwa tyubu yake ya zamani, kwanza inabidi kulichunguza friza. Hilo ndilo nataka kulieleza hapa, kwa sababu naona vipimo hivi vinazidi kutajwa katika tafiti za ukanda wetu na watu wanaotoa damu wana haki ya kuvielewa.

Tuanze na pombe yenyewe, kwa kuwa ndiyo isiyokaa. Ethanoli, yaani ile sehemu ya kinywaji inayolevya, huingia kwenye damu ndani ya dakika chache, na ini huanza kuivunja papo hapo. Kwa wastani damu hupungukiwa gramu 0.15 za ethanoli kwa kila lita moja, kila saa. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za ethanoli. Mwanamume wa kilo 70 akinywa chupa nne upesi upesi jioni, atahitaji takribani saa 11 kuimaliza yote. Akimaliza saa tatu usiku, ifikapo saa mbili asubuhi damu yake iko karibu safi. Kwa hiyo ukikuta ethanoli kwenye tyubu ya zamani, umejua tu kwamba mtu yule alikunywa saa chache kabla ya sindano. Usipoikuta, hujajua chochote kuhusu mwezi wake wala mwaka wake.

Ini nalo huacha mabaki. Sehemu ndogo ya ethanoli hugeuzwa kuwa ethili glukuronidi, ambayo maabara huiita EtG. Hii hukaa muda mrefu kidogo kuliko pombe yenyewe: kwenye damu kama siku moja na nusu, kwenye mkojo siku tatu hivi, pengine zaidi kwa mnywaji mkubwa. Nayo hupita.

Alama inayokaa ni nyingine kabisa, na imejificha kwenye mafuta.

Kila seli nyekundu ya damu imezungukwa na utando wa mafuta. Kuna kimeng'enya kiitwacho fosfolipezi D, ambacho kazi yake ya kila siku ni kukata kichwa cha molekuli fulani ya mafuta hayo na kuweka maji mahali pake. Pombe ikiwepo, kimeng'enya hiki huyaacha maji na kuishika ethanoli, kwa sababu huipenda zaidi. Ethanoli inashonewa moja kwa moja kwenye mafuta ya seli, na kinachopatikana ni molekuli mpya iitwayo fosfatidiliethanoli. Watafiti huiita kwa kifupi PEth. Wanasayansi wa Lund, Uswidi, waliieleza mwaka 1983 baada ya kuikuta kwenye viungo vya panya waliopewa pombe, na baadaye ikaonekana kwamba damu ya binadamu anayekunywa inayo pia. Seli nyekundu hazina vifaa vizuri vya kuivunja, kwa hiyo hukaa nayo.

Uzito wa PEth kama ushahidi unatokana na jambo moja: haiundwi bila ethanoli. Vimeng'enya vya ini hupanda kwa sababu kumi. PEth ina sababu moja tu.

Si molekuli moja, ni ukoo mzima, kwa sababu mafuta ya utando yana mikia ya aina mbalimbali. Inayopimwa zaidi ina mkia mmoja wa asidi ya palmitiki, iliyopewa jina kutokana na mchikichi, na mwingine wa asidi ya oleiki, iliyopewa jina kutokana na zeituni. Mashine huitambua kwa uzito. Mafuta ya damu yanachujwa kwa viyeyusho, yanapitishwa kwenye bomba jembamba linaloyatenganisha, kisha molekuli zinapewa chaji ya umeme na kupimwa uzito mmoja mmoja. Hii yetu ina uzito wa 701.5. Mashine inaivunja na kusubiri vipande viwili, cha 255 na cha 281, ambavyo ndivyo ile mikia miwili. Molekuli ikija na uzito sahihi na vipande sahihi kwa wakati wake sahihi, hakuna ubishi kwamba ni yenyewe. Kwenye mashine sina wasiwasi. Wasiwasi wangu uko kwenye yote yaliyoipata damu kabla ya kuifikia mashine.

Majibu hutolewa kwa nanogramu katika mililita moja ya damu. Mwaka 2022 wataalamu wa PEth walikubaliana, katika kile kinachoitwa makubaliano ya Basel, kwamba chini ya 20 inaendana na mtu asiyekunywa au anayekunywa kidogo sana, na kuanzia 200 inaonyesha unywaji mzito. Katikati ni eneo pana la unywaji wa wastani, na hapo miili hutofautiana sana. Wawili wanaweza kunywa sawasawa kwa wiki tatu na mmoja akapata namba mara mbili ya mwenzake. Ukiona mtu anageuza namba ya PEth kuwa idadi kamili ya chupa, usimwamini.

Mtu akiacha kunywa, PEth yake hupungua kwa nusu kila siku 4 hadi 10. Tuchukue siku 7 ili hesabu iwe rahisi. Aliyekuwa na 240 leo, wiki ijayo ana 120, wiki ya pili 60, ya tatu 30. Ndiyo maana husemwa kwamba PEth inaona wiki mbili hadi nne nyuma.

Sasa ilete hesabu hiyo mwaloni. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu la Victoria hufanya kazi kwa kufuata mwezi. Dagaa huvutwa na taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola na betri, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga unatapakaa juu ya maji yote, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inavutwa nchi kavu. Hizo ndizo siku za mapumziko. Nyavu zinashonwa, mahesabu yanapigwa, watu wana pesa mkononi na hawana safari, na vilabu vinajaa. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu, na dirisha la PEth ni karibu hizo hizo. Mvuvi anayekunywa sana siku za mbalamwezi tu, ukimchukua damu mbalamwezi inapoisha unaweza kupata 240. Ukimchukua wiki tatu baadaye, giza likielekea kwisha, unapata 30. Mtu ni yule yule, na tabia ni ile ile. Watafiti wakifika Igombe mwisho wa mbalamwezi na Kayenze mwisho wa giza, watarudi na matokeo yanayosema kijiji kimoja ni cha walevi na kingine kina watu watulivu, wakati walichopima ni mwezi. Tarehe iliyoandikwa kwenye tyubu ya zamani inatuwezesha kulirekebisha hilo, kwa kuwa kalenda ya mwezi ya mwaka wowote uliopita inapatikana. Tyubu isiyo na tarehe imepoteza nusu ya thamani yake.

Swali la pili ni damu ipi iliyohifadhiwa. Mkitolewa damu mmeona tyubu zenye vifuniko vya rangi. Yenye kifuniko cha zambarau ina dawa ya kuzuia kuganda, na damu hubaki nzima pamoja na seli zake. Yenye kifuniko chekundu huachwa igande, inazungushwa kwenye sentrifuji, na kile kimaji cha manjano juu kinamiminwa kwenye kichupa na kuhifadhiwa. Hicho ni seramu. Hapa ndipo matumaini mengi ya kuzipima damu za zamani huishia, kwa sababu tafiti nyingi za maambukizi zilitaka kingamwili, kingamwili zipo kwenye seramu, na seli nyekundu zilitupwa. PEth iko kwenye seli nyekundu. Ukiipima seramu ukakosa PEth, hujathibitisha kwamba mtu hakunywa. Umeipima sehemu isiyokuwa nayo.

Seramu ya zamani ina kipimo chake kingine, transferini iliyopungukiwa na vikia vyake vya sukari, ambayo maabara huiita CDT. Transferini ni protini inayobeba madini ya chuma, na kwa mnywaji mkubwa wa muda mrefu ini huitoa ikiwa na vikia pungufu. Inahitaji unywaji wa gramu 50 hadi 80 kwa siku kwa wiki moja mbili mfululizo, yaani chupa tatu au nne za bia kila siku, kabla haijapanda, na mtu akiacha hupungua kwa nusu kwa takribani wiki mbili. Ukiihifadhi seramu vizuri, CDT hustahimili baridi ya muda mrefu. Lakini kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja. Baadhi ya watu huzaliwa na aina tofauti ya transferini, na aina iitwayo D huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Kwenye baadhi ya mbinu za kupima, aina hiyo huvuruga majibu. Anayepima seramu za Kanda ya Ziwa kwa CDT anatakiwa kutumia mbinu inayozitenganisha aina hizo zikaonekana kwa macho, siyo inayotoa namba moja tu.

Vipimo vya zamani zaidi ndivyo vinavyonisikitisha, kwa sababu bado watu wanavitumia kama hukumu. GGT na vimeng'enya vingine vya ini hupanda kwa pombe, ni kweli. Pwani hii ya ziwa ina kichocho cha tumbo, kile kinachoathiri ini na bandama, na ina homa ya ini aina ya B. Mvuvi aliyekanyaga maji haya tangu utoto anaweza kuwa na ini lililoumia bila kuonja pombe maishani. Ukubwa wa seli nyekundu nao huongezeka kwa wanywaji, lakini huongezeka pia kwa mtu aliyetumia zidovudini, dawa ya VVU iliyotumika sana katika kliniki zetu, na kwa mwenye upungufu wa foliki asidi. Huwezi kuchukua faili la zamani la mgonjwa wa Sengerema, ukaona GGT imepanda na seli zimekuwa kubwa, ukaandika "mlevi". Nimeona ikiandikwa.

Sasa friza lenyewe. Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo yangu niliyotoka nayo chuoni.

Tunafundishwa kwamba kugandisha ni kusimamisha. Mama yeyote mwenye friza nyumbani anajua sivyo. Sangara aliyekaa humo miezi mingi hatoki kama alivyoingia. Mafuta yake yamechacha na ladha imebadilika, ingawa alikuwa jiwe muda wote. Kemia ya mafuta huendelea polepole kwenye baridi ya nyumbani, na PEth ni habari ya mafuta.

Friza nyingi za maabara ndogo huwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa macho, damu iliyomo ni barafu ngumu. Lakini maji ya chumvi hayamalizi kuganda mpaka yafike karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, na damu ni maji yenye chumvi. Maji yanapogeuka barafu, chumvi inasukumwa pembeni na kubaki katika vijitundu vidogo vya kimiminika kati ya chembe za barafu. Ethanoli nayo, ambayo peke yake haigandi hadi nyuzi 114 chini ya sifuri, husukumwa humo humo. Wakati huo barafu imezipasua seli nyekundu na kuacha utando wao wazi. Kwa hiyo ndani ya vijitundu hivyo una mafuta ya utando, una kimeng'enya, na una pombe iliyokolea. Kazi inaendelea.

Mwaka 2004 watafiti wa Uswidi walilionyesha hilo kwa vipimo. Damu iliyokuwa na ethanoli ndani yake, ikihifadhiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, PEth iliongezeka. Kwenye jokofu la kawaida damu ilistahimili kwa muda, na kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri ilitulia. Tangu hapo ushauri umekuwa huo: damu nzima ya kupimia PEth kwa baadaye ikae kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, au iongezwe dawa ya kukizuia kimeng'enya.

Naomba hili lieleweke vizuri, kwa sababu nimelisikia likipotoshwa pande zote mbili. Friza la nyuzi 20 halimtungii mlevi mtu asiyekunywa. Kama hakukuwa na tone la ethanoli kwenye damu siku ya sindano, hakuna cha kushonewa kwenye mafuta, na tyubu inaweza kukaa miaka bila kutengeneza PEth mpya. Anayeonewa ni aliyekunywa kidogo. Mtu aliyepata chupa mbili asubuhi ile, pengine kwa mara ya kwanza mwezi ule, anaingia kwenye friza akiwa na PEth ndogo, na baada ya muda tyubu yake inaweza kusoma kama ya mnywaji wa kila siku.

Mwaloni hilo si jambo la nadra. Mvuvi wa dagaa hurudi alfajiri. Anashusha mzigo, anapokea chake, anakunywa, analala. Watafiti wanaweka meza zao saa nne asubuhi. Katika jamii ambayo watu wake hunywa asubuhi, tyubu nyingi zinaingia kwenye friza zikiwa na ethanoli ndani yake, kuliko zile za watu wa ofisini wanaokunywa Ijumaa jioni na kupimwa Jumanne. Friza lile lile litawaongezea wavuvi namba na kuwaacha wa ofisini kama walivyo. Kisha atatokea mtu aandike kwamba wavuvi hunywa mara kadhaa zaidi ya watu wa mjini. Inaweza kuwa kweli. Lakini sehemu ya namba hiyo imepikwa na friza.

Upande wa pili ni umeme. Niliwahi kufika kazini Jumatatu, mahali ambapo sitapataja, nikakuta friza linafanya kazi vizuri kabisa na kipimajoto kinasoma inavyotakiwa. Niliinua tyubu moja ya zambarau kuisoma namba. Damu ilikuwa imeganda kiubavu. Tyubu zote zilikuwa zimewekwa zimesimama wiki zilizopita, zikaganda zimesimama, na uso wa damu ukawa mlalo juu karibu na kifuniko. Baadaye boksi lililazwa ili kupata nafasi. Sasa uso wa damu ulikuwa umelala urefu wote wa tyubu, na mstari mwekundu ulikuwa umefika ndani ya kifuniko. Barafu haihami. Damu ile ilikuwa imeyeyuka mwisho wa juma, ikatiririka, ikaganda upya umeme uliporudi. Kwenye daftari la joto la friza Jumamosi na Jumapili hazikujazwa chochote.

Saa chache za joto la Mwanza kwa damu yenye ethanoli zinaweza kufanya kazi ambayo friza lingeifanya kwa wiki. Tangu siku ile huweka kikombe cha maji yaliyoganda ndani ya kila friza ninalolisimamia, na juu yake sarafu ya shilingi mia. Nikikuta sarafu imezama, najua kilichotokea hata kama daftari limenyamaza.

Kwa nini basi tujisumbue na damu za zamani? Kwa sababu yapo maswali ambayo kumbukumbu za watu haziwezi kuyajibu. Huko Mbarara, Uganda, watafiti waliwafuatilia watu waliokuwa wakianza matibabu ya VVU, wakawauliza kuhusu pombe na kupima PEth. Kadiri matibabu yalivyoendelea, wapo waliosema wameacha huku damu yao ikisema vingine. Sitaki mtu asome hapo kwamba wagonjwa ni waongo. Ukiwa mbele ya mhudumu aliyekwambia pombe itaharibu tiba, na unamtegemea akupe dawa, utasema unachoona kinafaa kusemwa. Mzee wangu wa Igombe alifanya vivyo hivyo, na alifanya kwa heshima.

Au chukua viroba. Serikali ilipiga marufuku pombe kali za mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Mialoni ilikuwa imejaa mifuko ile, inaelea kwenye maji pamoja na vifuniko vya chupa. Je, marufuku ilipunguza unywaji au watu walihamia kwenye gongo? Ukimuuliza mtu leo alikuwa anakunywa kiasi gani mwaka 2016, atakupa hadithi. Tyubu ya zambarau ya 2016 iliyokaa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri bila kuyeyuka, ikiwekwa kando ya ya 2018 iliyochukuliwa siku zile zile za mwezi, ingekupa kitu kingine kabisa. Hata hapo ningeisoma kwa upande mmoja: PEth iliyokutwa naiamini, PEth iliyokosekana naichukulia kwa tahadhari, kwa kuwa miaka inaweza kuipunguza.

Ninayoipenda zaidi kwa mazingira yetu ni damu iliyokaushwa kwenye karatasi. Manesi wanaijua kutokana na kupima watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye VVU: matone machache kutoka kisiginoni, karatasi nene yenye miduara, inaachwa ikauke. Tone linapokauka ethanoli inapaa nalo linakosa unyevu, kimeng'enya kinakosa mazingira ya kufanyia kazi, na PEth iliyokuwepo inabaki kwenye karatasi. Haihitaji friza kubwa kwa safari ya kutoka kisiwa cha Ukara hadi mjini. Baadhi ya sampuli za Mbarara zilipimwa Marekani zikiwa hivyo, kwenye karatasi. Ila kidole kisafishwe na spiriti ikauke kwanza kabla ya kuchoma, maana spiriti yenyewe ni pombe.

Kuna tahadhari moja ambayo madaktari wa huku wanatakiwa kuwa nayo mbele. Seli nyekundu zikihama kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, PEth huhama nazo. Mtoto mwenye selimundu aliyeongezewa damu ya mtu anayekunywa anaweza kupimwa na kukutwa na PEth. Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu na wengi wao huongezewa damu. Na kinyume chake, mtu ambaye seli zake hufa mapema, kwa malaria kali au kwa selimundu yenyewe, anaweza kuipoteza alama haraka kuliko hesabu zetu za siku 7.

Kuhusu haki ya mtoa damu, utaratibu upo. Damu iliyotolewa kwa utafiti wa aina moja haichukuliwi tu na kupimwa kitu kingine. Mtafiti anarudi kwenye kamati ya maadili ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, anaonyesha fomu ya ridhaa ya wakati ule na kile kipengele cha matumizi ya baadaye, na kama sampuli zinatoka nje ya nchi anahitaji mkataba wa kuzihamisha. Tyubu ina namba, haina jina. Ningependa kamati ziulize na jambo la tatu kila mara: daftari la joto la friza liko wapi?

Nilirudi Igombe Jumapili. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Nilimweleza yote haya polepole, tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilimuuliza kifuniko cha tyubu yake kilikuwa rangi gani. Akasema chekundu, anakumbuka, kwa sababu alidhani ni damu inayoonekana. Basi ni seramu, nikamwambia, na seli zako zilitupwa siku ile ile. Alicheka kidogo, mabega yakashuka.

Nikamuuliza kama anakumbuka ilikuwa lini. Mwaka hakuukumbuka. Akasema ilikuwa mbalamwezi imekolea, ndiyo maana wanaume wote walikuwepo nchi kavu, na watafiti walifurahi kwamba watu ni wengi. Nikamuuliza kama kuna aliyeliandika hilo kwenye karatasi zao. Alitazama ziwa, akatikisa kichwa. "Hakuna aliyeuliza habari za mwezi."